Kujifunza kuhariri picha: anza na picha iliyo mezani

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimepata kazi kwenye steshenari ya shangazi hapa Mwanga, Kigoma. Tunatoa kopi, tunachapa barua, tunapiga picha za pasipoti, na siku hizi watu wanaleta picha za simu wakitaka zisafishwe. Shangazi ameninunulia laptop iliyotumika, RAM yake GB 4. Nimeweka GIMP, programu ya kuhariri picha, na nimeangalia video nyingi za mafunzo, lakini nikiifungua naona vitufe tu, sijui kipi kinaanza. Wenzangu wanasema bila Photoshop napoteza muda. Na juzi mzee mmoja wa Ujiji kaleta picha ya rangi ya harusi yake ya zamani. Imegeuka nyekundu yote, ina mikwaruzo, na anataka irudi ilivyokuwa. Nianze wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kazi. Una maswali matatu humo ndani. Nitayajibu yote, ila sitayapa nafasi sawa. La Photoshop ni fupi. La mzee wa Ujiji ni refu, na ndilo litakalokufundisha zaidi.

Photoshop ni programu nzuri. Ilitoka mwaka 1990, kazi ya ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll. Mwaka 2013 kampuni ya Adobe ilitangaza kuhamia kwenye usajili, kwa hiyo matoleo mapya hayanunuliwi mara moja yakaisha, unayalipia muda wote unaoyatumia. Kwa steshenari inayoanza, fedha hiyo inunue wino na karatasi za picha. Ile Photoshop ya bure ambayo rafiki atakuletea kwenye flashi usiipokee. Ni ya wizi, na mara nyingi huja na virusi, wakati kompyuta hiyo hiyo ndiyo inayopokea vyeti na vitambulisho vya watu. GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na ni ya bure kihalali. Ipakue kutoka gimp.org, si kwingine. Karibu kila ninachokueleza hapa chini kipo katika programu zote mbili, na mkono uliozoea moja huhamia nyingine bila shida kubwa. Siku mteja akileta faili la PSD, yaani faili la kazi la Photoshop, likakusumbua, lifungue kwa Photopea, programu ya kuhariri inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Utahitaji bando kuifungua, lakini picha yenyewe hushughulikiwa humo humo kwenye kompyuta yako.

GB 4 zinatosha kwa picha za simu. Funga kivinjari unapofanya kazi, na nunua mausi. Kuhariri picha kwa kidole kwenye padi ya laptop ni mateso yasiyo na faida, na wengi hudhani hawana kipaji kumbe hawana mausi.

Sasa tuje kwenye vitufe. Video nyingi ulizoangalia zinafundisha miujiza: mtu anaruka mawinguni, mji unaingia ndani ya chupa. Anayezitengeneza anataka watazamaji, wewe una mteja amesimama kaunta. Ukimfuata hatua kwa hatua utapata picha kama yake, na kesho ukiletewa picha nyingine hutajua la kufanya, kwa sababu umekariri mahali pa kubofya na hukujifunza kuitazama picha. Kwa hiyo nakuomba ufanye jambo moja linaloonekana dogo. Kabla hujagusa chochote, itazame picha na useme kwa mdomo kasoro zake. Uso una giza. Shati jeupe limekuwa la bluu. Upeo wa ziwa umelalia upande. Nguzo ya umeme imeota nyuma ya sikio. Andika kwenye daftari kama unaona haya kuongea peke yako dukani. Kila sentensi kati ya hizo inadai zana moja tu, na ukishaisema sentensi, kutafuta zana ni kazi ya dakika chache. Usiposema, utabonyeza hiki na kile mpaka picha iharibike, kisha ulaumu programu.

Nina mpangilio ninaoufuata na ninaowafundisha vijana hapa Tabora: kwanza kunyoosha na kukata kingo, pili mwanga wa picha nzima, tatu rangi ya picha nzima, nne sehemu ndogo kama uso, tano uchafu na mikwaruzo, mwisho ukubwa na ukali wa kuchapa. Sababu ni kwamba kila hatua huamua inayofuata. Hakuna haja ya kufuta mkwaruzo ulio kwenye kona utakayoikata, na huwezi kuihukumu rangi ya uso ambao bado uko gizani.

Kabla ya hatua ya kwanza kuna kanuni ambayo sitaki uivunje hata siku una haraka: faili alilokuletea mteja haliguswi. Linakiliwe kwenye folda yake, uifanyie kazi nakala. JPEG, ambayo ndiyo aina ya faili inayotoka kwenye simu nyingi, hupunguza ukubwa kwa kuigawa picha katika viboksi vya pikseli (zile nukta ndogo zinazounda picha) 8 kwa 8 na kutupa sehemu ya taarifa ambayo jicho halioni kwa urahisi. Kila unapolihifadhi upya baada ya kulihariri, hutupa tena. Baada ya mara kadhaa utaanza kuviona viboksi hivyo kwenye anga na kwenye mashavu. Ndiyo maana GIMP, ukibonyeza kuhifadhi, inakupa faili la XCF. Wanaoanza hukasirika, "mbona haifunguki WhatsApp?" XCF ni faili lako la kazi, linalotunza kazi yako ili uweze kuiendeleza. La kumpa mteja unalitoa kwa kitufe kilichoandikwa Export, mara moja, mwishoni. Na hifadhi XCF yako kila baada ya muda mfupi. Betri ya laptop iliyotumika haitakusubiri umeme ukikatika.

Linaloungana na hilo ni suala la WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa sana njiani. Mfundishe mteja aitume kama dokumenti, au ailete simu uhamishe kwa waya. Hesabu ni rahisi: kwa uchapaji mzuri unahitaji pikseli 300 katika kila inchi, hivyo karatasi ya inchi 4 kwa 6 inataka pikseli 1200 kwa 1800. Picha iliyofika ikiwa na pikseli 1600 kwa 1200 itachapika vizuri kwa kama sentimita 13 na nusu kwa 10, basi. Mtu akitaka hiyo hiyo iwe kubwa ya kutundika sebuleni, mweleze mapema. Programu inaweza kuongeza pikseli, haiwezi kuongeza kope na vitundu vya ngozi ambavyo kamera haikuvichukua. Bango kubwa la harusi ni habari nyingine. Linatazamwa kwa mbali, kwa hiyo pikseli 100 kwa inchi au pungufu hutosha. Kwa bango, muulize kwanza mwenye mashine anataka faili la aina gani.

Mwanga. Hapa ukae muda mrefu, kwa sababu mtu anayejua kurekebisha mwanga tayari ni fundi kwa kazi nyingi za steshenari, hata kama hajui kingine. Katika picha ya kawaida kila pikseli ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, na kila namba ni kati ya 0 na 255. Sufuri ni giza tupu, 255 ni mwanga wote. Fungua Colors, kisha Levels. Utaona mchoro wa milima: huo ni hesabu ya pikseli, za giza kushoto na za mwanga kulia. Picha iliyofifia milima yake imekusanyika katikati na pembeni kuna uwazi. Chini ya mchoro kuna pembetatu tatu. Vuta ya kushoto mpaka mlima unapoanzia, ya kulia mpaka unapoishia, kisha sogeza ya katikati taratibu mpaka uso ukae vizuri. Fanya hivyo kwa picha za ndugu zako, moja baada ya nyingine, wiki nzima, bila kufanya kitu kingine. Kuna kitufe cha otomatiki hapo hapo. Kiache. Hakijui kwamba picha ilipigwa magharibi na ilitakiwa kubaki na wekundu wa jua, wala hakijui yupi kwenye picha ni bibi harusi.

Utakutana pia na picha ambayo mlima wake umegonga ukuta wa kulia na kukatika. Maana yake kanzu nyeupe imefika 255 na mikunjo yake haipo tena. Ukiipunguzia mwanga itakuwa ya kijivu, mikunjo haitarudi. Giza, hata likiwa kubwa, mara nyingi huwa na kitu ndani yake, ingawa ukilinyanyua sana litakuja na chembechembe. Unapopiga picha mwenyewe, heri kupunguza mwanga kidogo kuliko kuuzidisha.

Rangi inafuata, na huko kwetu ina visa vyake. Picha za harusi na za misiba hupigwa chini ya turubai, na turubai la bluu huwafanya watu wote wawe na bluu usoni. Chini ya miembe ya Tabora wanakuwa na ukijani, kwa sababu mwanga unawafikia ukiwa umepitia na kugonga majani. Jicho letu likiwa pale pale halioni, ubongo husahihisha. Kamera hujaribu kusahihisha, mara nyingi inashindwa. Ndani ya Levels kuna vidonyoa rangi vitatu. Chukua cha katikati, cha kijivu, kisha bofya kitu ambacho unajua kwa hakika kilikuwa cheupe au kijivu, kama kola ya shati au ukuta wa chokaa, sehemu isiyomulikwa sana. Programu itavuta rangi zote mpaka hapo mahali pawe pa kijivu safi, na nyuso zitarudi. Kama matokeo ni ya ajabu, ulibofya kitu chenye rangi yake. Ctrl na Z, jaribu kola nyingine.

Sasa matabaka, ambayo mafundi wengi huyaita leya. Chukulia karatasi za nailoni zinazopitisha mwanga, zimepangwa juu ya picha. Unachora kwenye nailoni, picha chini iko salama, na ukikosea unaitoa nailoni hiyo tu. Photoshop yenyewe haikuwa na matabaka mpaka toleo la 3.0 la mwaka 1994. Kabla ya hapo kila ulichofanya kiligandia kwenye picha. Wengi wanaojifunza leo wanafanya kazi hivyo hivyo, matabaka wanayo ila hawayatumii, na ndiyo sababu wanaogopa kujaribu.

Zoezi nitakalokupa ni la Kigoma hasa. Jua kwenu linazama upande wa ziwa, nyuma ya milima ya Kongo. Jioni watu wanashuka Kibirizi au ufukweni, wanasimama ziwa likiwa nyuma yao, picha inatoka maji yanang'aa na uso ni kivuli. Bila shaka umeletewa za namna hiyo. Ukiinyanyua picha nzima, uso unaonekana lakini maji na anga vinafutika vyote kuwa vyeupe. Fanya hivi. Nakili tabaka la picha, sasa unayo mawili yanayofanana. Kwenye la juu, kwa Levels, ongeza mwanga mpaka uso upendeze, usijali anga. Kisha bofya tabaka hilo kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Add Layer Mask (mask ndiyo kifuniko), na uchague nyeusi. Tabaka la juu litatoweka lote. Halijafutwa, limefunikwa. Chukua brashi yenye kingo laini, rangi nyeupe, upake juu ya uso. Popote unapopaka nyeupe, mwanga mpya unajitokeza. Ukivuka mpaka ukaingia kwenye maji, bonyeza herufi X ili brashi igeuke nyeusi, upake kurudi. Kijivu kinaonyesha nusu. Hakikisha tu kwamba kijipicha cha kifuniko ndicho kilichochaguliwa pembeni, la sivyo utampaka mteja chokaa usoni badala ya kumpa mwanga. Punguza nguvu ya tabaka (Opacity) kidogo mwishoni, kwa sababu uso unaong'aa kuliko jua lililo nyuma yake unaonekana wa uongo.

Ukilielewa zoezi hilo, umeelewa sehemu kubwa ya kuhariri picha. Kubadilisha rangi ya nyuma ya picha ya pasipoti ni lile lile: kifuniko, nyeupe kwa mtu, nyeusi kwa ukuta. Kuondoa bluu kwa mtu mmoja tu aliye pembezoni mwa turubai ni lile lile. Na kwa kuwa wewe mwenyewe unapiga picha, waambie wanaotaka ziwa nyuma waje asubuhi. Jua la asubuhi linatoka upande wa mji, linawapiga usoni, na maji nyuma yanabaki na rangi yake. Hapo hutahitaji kifuniko chochote.

Nisipolisema hili kuhusu uso nitakuwa sijakutendea haki. Wateja wengine watakuambia "nisafishe," wakimaanisha uwafanye weupe, na ziko programu za simu zinazofanya hivyo zenyewe bila kuulizwa. Tasnia ya picha ina historia mbaya hapa. Kwa miaka mingi kampuni ya filamu ya Kodak ilisambaza kwa maabara za picha kadi za mfano zilizojulikana kama kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, na rangi zililinganishwa na ngozi yake. Watu weusi wakatoka kwenye picha wakiwa vivuli wenye meno. Hatuna sababu ya kuendeleza hilo kwa mikono yetu. Ngozi nyeusi hupendeza ikipewa mwanga wa kutosha na ikibaki na weusi wake, na ule mng'ao wa paji la uso na wa mashavu. Ukilainisha mpaka vitundu vyote vipotee, umebaki na sanamu. Ondoa chunusi, maana wiki ijayo haipo. Acha kovu na alama ya kuzaliwa mpaka mwenyewe aseme. Mteja akishikilia kubadilishwa rangi, mwonyeshe kwanza picha yenye mwanga mzuri. Mara nyingi alichokuwa anakichukia ni kivuli, hakuwa anaichukia ngozi yake.

Basi mzee wa Ujiji. Usianze na hiyo picha leo. Mwombe muda, ufanye mazoezi ya mwanga na ya kifuniko kwanza, kisha uirudie.

Picha ya karatasi ni moja tu duniani, kwa hiyo ishike kingo, mikono mikavu. Kama imegandana na kioo cha fremu, usiibandue, utaondoka na uso wa mtu. Iskani au ipige picha ikiwa ndani ya kioo. Futa kioo cha skana, zima maboresho yake ya rangi ya otomatiki, weka pikseli 600 kwa inchi, na hifadhi kama PNG au TIFF, si JPEG. Kwa picha ya inchi 4 kwa 6 utapata pikseli 2400 kwa 3600, laptop yako itaweza.

Wekundu wake una sababu. Picha ya rangi ya zamani imejengwa kwa rangi tatu zilizopangwa: ya manjano, ya majenta na ya sayani, ile ya bluu-kijani. Kwenye picha nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilizokaa albamu au sandukuni, sayani ndiyo iliyofifia mapema kuliko nyingine. Kazi ya sayani ilikuwa kuzuia mwanga mwekundu. Ikififia, wekundu unapita ovyo. Kumbe picha haijaongezwa nyekundu, imepungukiwa. Hilo ndilo linakuambia pa kurekebisha. Fungua Levels, na pale juu badala ya Value chagua chaneli ya Red, yaani namba za nyekundu peke yake. Utaona mlima wake umesogea kulia na kushoto kuna uwazi mkubwa: nyekundu haina giza. Vuta pembetatu ya kushoto mpaka mlima unapoanzia. Wekundu utaondoka mbele ya macho yako, na nakuhakikishia utafurahi. Ingia Green ufanye vivyo hivyo pande zote mbili, kisha Blue. Karatasi ikiwa imepata umanjano, mlima wa Blue utakuwa umeishia kabla ya kufika kulia, basi pembetatu ya kulia uivute mpaka unapoishia. Halafu acha mchoro, tumia macho: gauni la bibi harusi na suti. Gauni likiwa na ukijani kidogo, rudi Green usogeze ya katikati taratibu. Usitafute rangi za simu ya leo. Ukipata weupe wa gauni na ngozi zinazoaminika, simama.

Mikwaruzo ina zana mbili. Clone inanakili pikseli kutoka mahali unapochagua na kuzibandika kama zilivyo. Heal inachukua umbile la mahali unapochagua na kulichanganya na mwanga na rangi ya pale unapopaka. Heal ni ya mashavu, ukuta, anga. Karibu na mpaka mkali, mfano kola inapokutana na shingo, Heal huchafua, hapo tumia Clone. Kwa Clone, fungua tabaka tupu juu, weka alama kwenye Sample merged ili zana isome na picha iliyo chini, na upake humo. Kwa Heal, nakili tabaka zima. Kuza mpaka asilimia 100 au 200, brashi iwe pana kidogo tu kuliko mkwaruzo, gusa gusa badala ya kuburuta, na badilisha mara kwa mara mahali unaponakili, la sivyo ua lile lile litaonekana mara tatu ukutani. Kila baada ya muda punguza ukuzaji uitazame picha nzima. Mikwaruzo mingi inayokera ukiwa umekuza haitaonekana kwenye karatasi.

Kuna njia ya mkato, na utaambiwa uitumie: zile programu za akili mnemba zinazorudisha picha za zamani kwa kubonyeza mara moja. Kwa mikwaruzo ya ukutani sina ugomvi nazo. Kwa uso, nakusihi usizitumie. Pale taarifa iliposhakufa, programu hiyo inabuni jicho, meno, shavu kutokana na nyuso za watu wengine, na inabuni vizuri kiasi kwamba mgeni hatagundua. Mzee atagundua. Mke wake akiwa ameshafariki, utakuwa umempa picha ya mwanamke asiyemjua akiwa amevaa gauni la mkewe. Kama jicho limeharibika kabisa, uliza kama kuna picha nyingine ya mtu huyo huyo, uchukue huko. Kama haipo, acha ukungu mdogo na umwambie umeuacha kwa makusudi.

Mambo mawili ya dukani, kwa kifupi. Picha ya pasipoti yenye ukubwa wa milimita 35 kwa 45, unaotumika sana, ni pikseli 413 kwa 531, na kwenye karatasi ya inchi 4 kwa 6 zinakaa 8 ukizilaza. Rangi ya nyuma na vipimo thibitisha na ofisi inayoipokea, masharti hayafanani. Pia utaletewa cheti uambiwe "badilisha jina tu" au "badilisha alama." Kataa, hata akiwa jirani. Ni kughushi, ni kosa la jinai, na kompyuta itakayokuwa imetumika kughushi ni ya shangazi yako. Picha za wateja nazo usiziweke kwenye ukurasa wa duka bila idhini yao. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtu ni yake.

Unapochapa ya mzee, chagua kwenye printa aina ya karatasi uliyoweka, na uchape kwanza kipande kidogo chenye uso mmoja. Karatasi hutoka na giza kuliko kioo cha laptop kwa sababu kioo kinatoa mwanga wake chenyewe. Ongeza mwanga kidogo kwenye nakala ya kuchapa, jaribu tena, ndipo utoe kubwa. Mkabidhi picha yake halisi ikiwa kama alivyoileta, ile mpya, na faili la skani ambalo hujaligusa, ili wajukuu wakipata fundi bora kesho aanzie hapo. Bei mtajie kabla hujaanza, kwa kuhesabu saa za kazi na wino. Na ukikwama kwenye rangi niandikie tena, ukinitajia umesogeza pembetatu ipi, kwenye chaneli ipi, na gauni limekuwa na rangi gani.